Anjelina na chupa ya maji ya Ijumaa

Saa mbili asubuhi. Katika maabara ndogo ya watu binafsi mtaani Nkuhungu, jijini Dodoma, Anjelina Ndahani anainua chupa ya maji kuelekea dirishani, anaitazama, anaiweka mezani. Kabla hajaipima anachomoa simu kwenye koti lake jeupe, anaandika sentensi mbili na kucheka peke yake.

"Usije ukaandika kwamba nachezea kazi," anamtahadharisha mwandishi wa makala haya.

Kazi yake ni kupima maji ya visima. Kazi yake ya pili, ile iliyompa jina, ni kutunga hadithi za mapenzi za kuchekesha. Huzituma kwenye kundi la WhatsApp lenye wasomaji wapatao mia nne, na kila mmoja hulipia shilingi elfu moja kwa mwezi. Wahusika wake ni wanawake wa sayansi: mtaalamu wa nyuki anayemkimbia mchumba mwenye manukato makali, mtabiri wa hali ya hewa anayeloa chapachapa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, tena yake mwenyewe.

"Kwenye hadithi nyingi sisi wa maabara tunavalishwa miwani tu, basi," anasema. "Nilitaka na sisi tupendwe. Tena tupendwe huku tukichekwa."

Kupendwa alipendwa. Shida hakujua.

Miaka miwili iliyopita, fundi mchimba visima ambaye tutamwita Octavian alianza kumletea maji ya kisima kimoja cha Ihumwa. Ijumaa hii chupa, Ijumaa ijayo chupa. Kaisuuza vizuri, kaibandika karatasi yenye tarehe, na shati lake kalipiga pasi. Anjelina akaona majibu hayabadiliki, akakereka.

"Nilimwambia, 'Kaka Octavian, haya maji nimeshayapima, ni mazuri. Unamtia bosi wako hasara bure.' Akasema, 'Sawa, dada Anjelina.' Akachukua chupa yake, akaondoka."

Hakurudi tena.

Miezi ikapita. Siku moja Anjelina alikikumbuka kisa kile, kikamchekesha, akakiandika: mteja king'ang'anizi anayepimisha maji yaleyale kila wiki. Kundi zima lilicheka, ila hawakumcheka mteja. Msomaji mmoja aliandika: "Huyo dada na shahada yake yote haoni kwamba kaka wa watu anakuja kumwona yeye?"

Anjelina aliusoma ujumbe ule mara mbili, kisha akamwita Penina wa mapokezi.

"Nikamwambia, he, dada, kwani ulikuwa hujui?" anasema Penina, huku akikwepa macho ya mwenzake. "Yule kaka alikuwa analipa kwa hela yake mwenyewe. Mimi nilidhani dada amemkataa kistaarabu."

Namba ya Octavian ilikuwapo. Anjelina akaandika ujumbe, akafuta, akaandika, akafuta. Fundi wa maneno ya mapenzi ya watu wengine, lakini la kwake lilimshinda. Akiwa bado anatafuta pa kuanzia, ikaingia kadi ya mchango kwenye simu yake. Octavian alikuwa anaoa.

"Nilichanga. Ningefanyaje?" anasema, na hapo kicheko kinamwisha. "Najuta, sitakuficha. Sijuti kwamba ameoa, Mungu awabariki. Najuta kwamba alisimama mbele yangu Ijumaa zote zile, mimi nikawa naangalia chupa. Na usiniambie maji yakimwagika hayazoleki, ofisi nzima wameshaniambia."

Hadithi ile bado haijaisha. Wasomaji wanadai harusi, tena kwa fujo, na Anjelina anapanga kuichapa kama kitabu mwakani. Mwisho wake umemsumbua kwa muda mrefu, ila sasa ameshaamua: harusi hataiandika. Atarudi kwenye ile Ijumaa ya mwisho, fundi akiwa amesimama kaunta na shati lake la pasi, na majibu ya maji yakiwa yaleyale.

"Dada wa kwenye hadithi atamwangalia usoni," anasema akiipangusa meza. "Halafu atamwambia, 'Maji ni mazuri, kaka. Lakini lete tena Ijumaa.'"