Kidole cha Shangazi na Tamvua za Nyumba Nzima

"Shangazi, unasukaje bila kuangalia?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la kwanza, nimebanwa katikati ya magoti yake, macho yake kwenye televisheni na vidole vyake kichwani mwangu. Alinigonga kidogo kwa kitana, akaniambia nikae sawa.

Shangazi ni msusi. Sebule yake ndiyo saluni: kochi, kigoda, kioo chenye ufa, na wateja wanaoingia na nywele timtim na habari za mtaa mzima. Mistari yake ni myembamba, imenyooka kama imepigwa rula.

Mwaka jana aliumizwa na shuka. Ndiyo, shuka. Alikuwa anatandika kitanda, anaichomeka chini ya godoro kwa nguvu zake zote, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikagonga mbao. Hata damu haikutoka. Ila ncha iliinama ikakataa kuinuka, kama mtu aliyesinzia mkutanoni. Hospitali wakamwambia kano imekatika, ule uzi wa ndani unaoinua ncha ya kidole. Wakakivalisha ganda la plastiki, na daktari wa viungo akampa sharti moja: kwa wiki kadhaa kisikunjwe. Akikikunja hata mara moja, wanaanza upya. Akizoea kukikunja, kitabaki kimeinama maisha.

Shangazi alielewa maana yake. Hicho ndicho kidole kinachogawa nywele. Kikibaki kimeinama, kazi imekwisha.

Nilidhani atanuna. Wapi! Kidole kilisimama wima mchana kutwa, kila anayeingia akaona ananyooshewa yeye, wateja wakambandika jina la Hakimu. Jirani mmoja alikuwa akifika mlangoni anainua mikono, anaapa hajaiba kitu. Shangazi naye akaupokea uhakimu wake, akawa anaamua nani akachemshe chai na nani amezidi umbea.

Alasiri moja alivua ganda ili aoshe mkono, akaulaza mezani kama alivyoelekezwa, kidole kimenyooka. Mchezo wa redio ukanoga. Ulipokwisha, mumewe alikuwa anapita, akasimama, akainua pembe ya kitambaa cha meza. Tamvua, zile nyuzi zinazoning'inia ukingoni, za upande mzima zilikuwa zimesukwa, nyembamba, safi kabisa.

"Mke wangu," alisema taratibu, "hizi zimejisuka zenyewe?"

Shangazi alitazama kitambaa, kisha kidole. Ncha ilikuwa imeinama tena.

Daktari akaanza kuhesabu upya. Mumewe hakugomba, alichukua mkasi. Akakata tamvua za kitambaa cha meza, za mtandio, za zulia, hata za pazia. Dekio la nyuzi akalificha kwa jirani. Nyumba nzima ikabaki imenyolewa. Shangazi alimlalamikia kila mteja kwamba kumbe ameolewa na kinyozi, lakini safari hii ganda halikuvuliwa bila mtu kumshikia mkono.

Lilipotoka kwa ruhusa, kidole kilikuwa kimenyooka ila kigumu kama kijiti. Akapewa mazoezi: kukunja kidogo kidogo, kubana vibanio vya nguo, kuokota punje za maharage. Baadaye alihitaji kichwa, nikajitolea. Nilikaa kigodani nimejikaza, nimeuma meno. Hata alipovuta mpaka machozi yakanilengalenga sikutikisika, nisije nikamvunja moyo. Yeye hakubandua macho kwenye vidole vyake. Mistari ilitoka kama njia ya mbuzi. Shuleni wakaniuliza nani kanisuka gizani, nikawaambia ni Hakimu, wakate rufaa. Wiki iliyofuata nikarudi kigodani, na iliyofuata tena.

Jumapili iliyopita niliinua macho kwenye kioo. Shangazi alikuwa anatazama televisheni, anacheka, na vidole vinakwenda, cha shahada kimetangulia. Nikamuuliza tena lile swali langu la zamani.

"Si wewe ndiye unayeniambia," alisema, macho hukohuko kwenye televisheni. "Nikivuta sana unapandisha mabega. Nikilegeza unasinzia. Siku ile ya kwanza baada ya ganda ulijikaza kama gogo, ningejuaje? Na zile tamvua hazikusema hata 'aa', ndiyo maana nilizisuka mpaka mwisho. Haya, kaa sawa."