Kufuata Kasha Linalobembea

Siku yangu ya kwanza gatini Kisumu, baada tu ya Uhuru, nyapara alinipandisha kwenye kreni, akafunga robota la pamba kwenye kulabu, akaniambia nilizuie kubembea. Nikasimamisha mkono wa kreni. Robota likaendelea kwenda na kurudi.

"Wewe unaangalia mahali liko," akasema. "Angalia mahali litakuwa. Peleka mkono huko, ulingoje juu yake. Likifika litatulia lenyewe."

Hiyo ndiyo kazi yote. Mimi niliishia darasa la pili, na ilinichukua mwaka mzima kuijua. Ukifuata macho umechelewa, maana kile unachokiona kimeshapita. Mwishowe nilikuwa nikitoka nyumbani Kaloleni, nikisikia upepo wa ziwa shavuni, najua mzigo wa kwanza utavutwa vipi. Wenye vyeti walikuja, wakashindwa, wakaenda.

Miaka ilipita, manyapara wakabadilika, akaletwa msimamizi wa mizigo, mtu wa karatasi. Alasiri moja nilikuwa nashusha kasha la mashine kutoka melini. Okoth, aliyekuwa akinipokelea mizigo chini, alikuwa amebanwa kati ya behewa na rundo la magunia, hana pa kutokea. Msimamizi akaogopa.

"Simama!"

Nikatii, nikafunga breki ghafula. Hilo ndilo kosa langu. Mkono ulisimama lakini kasha halikusimama. Likaenda likamchania Okoth shati begani, kisha likarudi upande wa meli. Kama lingekuja tena, lingemponda.

"Nimesema simama! Usiguse kitu!"

Nikageuza mkono, nikalifuata. Kasha likatulia juu ya ukingo wa gati kama koti msumarini.

Ofisini, mbele ya Okoth, msimamizi aliniuliza, "Nani alikuambia usogeze?"

"Lingerudi, Bwana."

"Ulipima?"

"Sikupima. Nilijua."

"Basi andika hapa ulijuaje."

Sikuweza kuandika. Akamgeukia Okoth.

"Mimi nilifumba macho, Bwana," Okoth akasema.

Nikatolewa kwenye kreni, nikapelekwa stoo ya kamba. Jioni hiyo Okoth alinifuata njiani.

"Omera, ndugu yangu, ningesema nini? Kweli nilifumba."

"Macho ulifumba. Masikio nayo? Hukusikia kreni ikigeuka?"

Akashika njia ya kwao. Alikuwa na watoto wa kulisha, nami sikumwuliza tena.

Stoo nilikaa mpaka kustaafu, nikikagua kamba zilizooza, nikisikia kreni nje ikiendeshwa vibaya. Inachosha kusikiliza kosa kabla halijatokea, kila siku, na huna la kufanya. Vijana huniuliza kama sikujua yatakayonipata. Nilijua. Niliposhika wenzo wa kreni kulifuata lile kasha, niliiona ile ofisi, ile karatasi na hiyo stoo, zote zinakuja. Nikasukuma. Okoth yuko hai, na mimi nimechoka.