Tundu la Skrubu kwenye Mkanda wa Maksai

Baba alikuwa na maksai wawili wa plau, na mmoja wao, yule mwekundu, alikuwa mzururaji. Leo yuko hapa kwetu Gorong'a, kesho unasikia ameonekana Nyarero. Nami kwa kiherehere changu cha kusomea umeme nikamwambia baba, "Tata, nitamtengenezea mkanda wa shingoni. Akipotea, simu itatuonyesha alipo."

Bodi ya kifaa hicho, kile kibao chenye njia za shaba za kupitisha umeme, niliichora kwenye kompyuta, sebuleni. Programu yenyewe inakagua mchoro mzima, na popote njia ya chanya inapoisogelea mno ya hasi inaweka alama nyekundu, maana hapo shoti inaweza kupiga. Alama hizo zilinitoa jasho wiki nzima. Nilisogeza njia moja moja hadi zikaisha zote.

Ndipo baba akaja kutazama. Nikamwonyesha skrubu ya kufungia bodi kwenye mkanda itapita wapi. Akapima kwa vidole, akakataa.

"Hapo ndipo nira inapokaa. Itamchubua. Isogeze huku."

Nikaisogeza. Alama nyekundu ikarudi, moja tu, kando ya tundu jipya: kichwa cha skrubu kingeweza kugusa chanya na hasi ya betri kwa pamoja. Kurekebisha kulitaka nibomoe nusu ya mchoro, au nimwambie mzee aliyefuga tangu utoto kwamba lake haliwezekani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Nikaificha ile alama, nikaagiza bodi.

Ilipofika niliijaribu mezani bila skrubu, ikafanya kazi vizuri. Tukamfunga maksai mkanda. Siku tatu simu ilituonyesha alipo, na baba akawa anaita majirani waje waone. Nami nikajisikia kweli, mpumbavu mimi.

Asubuhi ya nne tulimkuta anajigonga kwenye ua wa boma. Skrubu ilikuwa imekula rangi ya bodi kidogo kidogo hadi ikafika kwenye shaba. Shoti ikapiga, betri ikachemka, ikamchoma shingo. Baba aliukata mkanda kwa panga huku mimi nimesimama tu, mikono haijui ishike nini. Daktari wa mifugo alisema kidonda kitapona, lakini asivishwe nira msimu huu. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na yule mwenzake peke yake hawezi kuvuta plau. Chakula chetu cha mwaka mzima kinatoka kwenye shamba lile.

Jioni baba alikuja akakaa karibu nami. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kompyuta yako haikuliona hili?"

"Iliona, tata. Siku ile uliposema nisogeze."

Akaangalia shamba.

"Sasa kama ilikuwa inajua, kwa nini ulinisikiliza mimi?"

Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenifundisha nisimbishie. Hata hilo sikuweza kulisema, maana nalo lingekuwa kumbishia.