Ushuhuda wa Waosha Kahawa

Mama alikuwa mwosha kahawa katika kiwanda cha ushirika, juu kidogo ya mji wa Embu, nami nilikuwa karani papo hapo. Siku hizi hakuna kiwanda. Kilifungwa kabla miaka ya tisini haijaisha, na watu wakang'oa mabati usiku usiku.

Kilichotuua ni pampu ya kuvuta maji kutoka mtoni. Kahawa ikishatolewa maganda huvundikwa kwenye matangi, kisha huoshwa kwa maji mengi safi. Pampu ilipokufa tukawa tunaosha kwa maji ya jana. Kahawa ikanuka, bei ikashuka, wakulima wakaanza kupeleka yao kwingine. Kila mtu alijua kwamba bila pampu tutafunga, na kwamba tukifunga Mama atarudi kulima vibarua vya watu na ule mgongo wake mbovu.

Tuliwaomba wafadhili pampu, tukaletewa semina. Akina mama wa matangi walipelekwa mjini, wakalazwa kwenye nyumba ya wageni katika mtaa wa Dallas, wakanywa chai kwa mandazi na kufundishwa umuhimu wa maji safi. Nikikumbuka napandwa na hasira hata sasa. Ni kama kumfundisha mwenye njaa namna ya kutafuna.

Msimu uliofuata akaja ofisa kutoka Nairobi kupima kama ile semina ilifaa. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alinieleza waziwazi: mahali ambapo mafunzo yamekwama kwa kukosa kifaa, wafadhili watanunua kifaa hicho. Nilikwenda mbio hadi kwenye matangi nikawaambia akina mama waseme habari ya pampu, wasiongeze lolote. Wakaniitikia wote, Mama kwa sauti kuliko wenzake.

Mkutano ulifunguliwa kwa maombi, kama mikutano yetu yote, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu, mtu akishaombewa kisha akaambiwa asimame aeleze amesaidika vipi, anajua la kufanya, kwa sababu amelifanya kanisani maisha yake yote. Ataanza na giza, atamaliza na ushindi. Hakuna anayesimama mbele ya watu kushuhudia kwamba ameokoka lakini hali ni ileile.

Mama alisimama wa kwanza.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mimi nilikuwa kwa giza. Nilikuwa naosha kahawa tu, hata sijui ni nini nafanya. Lakini tangu hiyo semina, macho yangu imefunguka. Tunashukuru huyu mgeni wetu na wale wamemtuma. Mungu awabariki sana."

Makofi yakalia. Akainuka wa pili, akainuka wa tatu, na giza la kila mmoja lilikuwa zito kuliko la aliyemtangulia. Mimi sikuwa nimehudhuria semina, kwa hiyo sikupewa nafasi ya kusema. Nilimkodolea Mama macho mpaka yakaniuma. Akanitabasamia.

Ofisa alipokuwa akienda garini nikamfuata.

"Matangi hayana maji safi," nikamwambia. "Twende nikuonyeshe."

"Dada, nimeyaona," akajibu kwa upole. "Lakini wenyewe wamesema wamesaidika. Niandike nini, kwamba wanadanganya? Hapa kazi imefaulu. Itabidi kile kifaa kiende kwa wale walioshindwa."

Hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wamepata mgeni, na mgeni hapokewi kwa malalamiko. Anashukuriwa kwanza, tena anashukuriwa sana, ili moyo wake ulainike. Hilo yule kijana hakufundishwa, nami ningehitaji siku nzima kumweleza, na dereva alikuwa ameshawasha gari.

Likaondoka. Mama akaja akijifuta mikono kwa leso, uso umemchangamka kama wa mtu aliyetoka harusini.

"Umeona vile tumemfurahisha?" akaniuliza. "Sasa hiyo pampu wanaleta lini?"

"Haiji, Mama."

Akacheka, akidhani namtania, akaenda kuwaambia wenzake waanze kusafisha mahali pa kuiweka.