Riwaya Aliyoichagua Bi Gundi

Kazi yangu ni kukaa kaunta ya maktaba na kuwashauri watu wasome nini. Nimesomea, na cheti ninacho. Lakini wapenzi wa riwaya za wanyonya damu hunipita kama hawanioni, wakaenda moja kwa moja chumba cha nyuma kwa mwanamke anayekarabati vitabu vilivyochanika. Tunamwita Bi Gundi.

Bi Gundi hasifii mtu kitabu. Hukifumba, akakigeuza upande, akatazama ukingo wa kurasa. Weusi wa vidole vya wasomaji ukiishia kurasa za mwanzo, hukirudisha rafuni. "Hapa watu walichoka." Ukifika mpaka mwisho, humkabidhi msomaji. "Hiki kimemalizwa. Chukua." Inaniudhi, maana hakosei.

Asubuhi moja alikuja wifi yake. Mumewe, kaka yake Bi Gundi, alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na mjane huyo alikuwa amekataa katakata kuhamia kwa binti yake. Viatu vya marehemu vilikuwa bado pale mlangoni. Mlango wenyewe hakuufunga kwa ufunguo, eti marehemu asije akarudi akakuta pamefungwa. Binti alikuwa akipiga simu kila siku, analia.

"Nataka ya vampaya," akasema mjane. "Lakini iwe na mtu anayerudi kwake."

Nikawahi kumpa moja mpya, ya mapenzi na mwisho mwema. Bi Gundi akaichukua mkononi mwangu bila hata samahani, akaleta nyingine isiyo na jalada. Naijua. Ndani yake mume aliyekufa na kugeuka mnyonya damu anabisha hodi nyumbani kwake kila siku jua likizama, na hawezi kuvuka kizingiti mpaka mkewe amwambie karibu.

Nikamvuta pembeni. "Unampa mfiwa kitabu cha maiti? Na tazama ukingo wake. Weusi umeishia robo tatu. Kwa kanuni yako mwenyewe, hiki kibovu."

"Hapa hawakuchoka," akasema. "Hapa waliogopa. Mwache asome. Kufarijiwa amefarijiwa vya kutosha."

Wiki tatu nzima nilikuwa na wasiwasi. Kisha mjane akarudi na kile kitabu, pamoja na mfuko.

"Sikukimaliza, wifi," akamwambia Bi Gundi. "Nilifika pale mke ameshika komeo. Nikajiona mimi. Ningemkaribisha, hata kama angeninyonya nikaisha. Nikakifunga kitabu, nikaenda kuviondoa viatu." Akamsogezea mfuko. "Jumamosi nahamia kwa binti yetu. Hivi vikae kwako."

Alipoondoka nilitaka kumpongeza Bi Gundi, ingawa nisingependa kukiri. Hakunitazama. Alivitoa viatu mfukoni, akavigeuza, akatazama soli kwa umakini ule ule anaotazamia vitabu. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje.

"Tangu mdogo," akasema. "Mama alimgombeza mpaka akachoka, na mwendo wake huu haukubadilika."

Akaketi na viatu mapajani, vidole vyake vimeganda gundi, akalia kwa sauti. Nilisimama mlangoni. Tangu msiba, kila asubuhi, nilikuwa nikimuuliza Bi Gundi wifi yake anaendeleaje. Yeye mwenyewe anaendeleaje, sikuwahi kumuuliza.