Siku Niliyoharibu Lesi ya Bibi Harusi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi wa nguo, na mtaani walimwita Wembe miaka mingi kabla sijaolewa. Usidhani ni kwa sababu ya mkasi. Ni ulimi. Aliwahi kumfumulia mwanafunzi wake gauni zima mbele ya wateja, mshono mmoja baada ya mwingine, huku akitaja kila kosa kwa sauti. Yule binti aliondoka mchana uleule, na hata ndala zake za dukani hakurudi kuzichukua.

Halafu Wembe akaokoka, akiwa na miaka arobaini na sita. Mimi niliyebatizwa kabla sijaota meno, niliyeimba kwaya tangu darasa la tatu, nilicheka chinichini. Nikamwambia mume wangu, "Tumpe miezi mitatu." Nilikuwa nafanya kazi dukani kwake, chumba kimoja chenye vyerehani viwili, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kila asubuhi nilimvizia ateleze. Nyani haoni kundule, na nyani huyo nilikuwa mimi.

Miezi mitatu ikapita, ikawa miaka mitano. Alimtafuta yule binti wa gauni, akaenda kumwomba radhi nyumbani kwake, kwa magoti. Hasira haikumwisha, niliiona ikimpanda hadi shingoni. Ila alikuwa na dawa yake: anaweka chini alichoshika, anatoka uani, anarudi uso umelowa maji. Ukimuuliza alikuwa wapi, anakwambia, "Nilikwenda kukumbuka nilivyosamehewa." Basi mimi nikawa napandisha nyusi.

Ikaja Jumatano moja. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja mkali, alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, na tulikuwa na lesi ya gauni la harusi iliyotumwa na mjomba wa bibi harusi kutoka mbali. Kipande kama hicho hukipati dukani hata ukeshe ukitafuta. Wembe alitoka kwenda kununua zipu, akaniachia mikono ya gauni niikate.

Ili kitambaa kisipotee bure, sikukikunja. Nilikata mkono mmoja, kisha wa pili. Sasa, lesi ile ilikuwa na uso na mgongo, na ukikata namna hiyo, lazima karatasi ya kigezo uigeuze kabla ya mkono wa pili. Kila fundi anajua. Mimi nilikuwa nafanyia mazoezi wimbo wa kwaya wa Jumapili, sauti imenikolea, sikugeuza. Nilipoiweka mikono kwenye gauni, yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Nikawaza kuificha, nikawaza kusema lesi ilikuja pungufu. Wembe akaingia, akatazama meza, akanitazama mimi. Akaweka zipu chini, akatoka uani. Safari hii alikaa sana. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Unakwenda wapi, wifi?" Alikuwa mlangoni, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Nyumbani. Kabla hujanifukuza."

"Nani kasema nakufukuza? Rudi hapa. Tutapunguza mkia wa gauni, tupate mkono wa kulia."

Saa tisa mwalimu mkuu akaja na binti yake kupima. Nilikuwa nimeshika pini mdomoni, na sikufanya haraka kuzitoa.

"Mama, pana kosa limetokea hapa mezani," Wembe akamwambia. "Duka ni langu, na kazi yako niliipokea mimi. Naomba unisamehe. Mkia utapungua, lakini gauni litakuwa tayari."

Hakudanganya. Hakunitaja tu. Mwalimu mkuu akamshukia kama mtoto wa darasa la kwanza: eti macho yamezeeka, eti watu walimwonya asituletee lesi, akawa mbishi. "Na huko kanisani unakosimama kushuhudia, hili nalo utalishuhudia?"

"Nitalisema, mama," akajibu Wembe kwa upole. Yule aliyeitwa Wembe! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Walipoondoka nikamwambia nitafanya kazi kila sikukuu bila malipo, hadi uzee.

"Acha hizo. Ukinilipa itakuwa biashara." Akanisogezea mkasi. "Haya, kata."

"Mimi tena?"

"Kwani kwenye lesi nani ana mkono mwepesi hapa? Kata, wifi. Geuza karatasi tu."

Niligeuza, nikahakikisha, nikahakikisha tena, ndipo nikakata.

Ijumaa mchana bibi harusi akavaa. Mkia ulikuwa mfupi, na kusema kweli gauni lilimpendeza zaidi hivyo. Mwalimu mkuu akalizunguka gauni, akanipiga begani. "Mshukuru huyu," akamwambia Wembe. "Bila yeye ungetuaibisha."

Wembe akatabasamu tu, akaendelea kukunja mfuko wa gauni. Angeliacha lipite hivyohivyo, namjua. Mimi sikuweza.

"Ni mimi niliyekosea, mama," nikasema. "Wifi hata hakuwepo. Matusi yale yalikuwa yangu."

Mwalimu mkuu akageuka taratibu. "Wewe fundi, mbona uliniacha nikutukane?"

"Mama, mimi aibu yangu ilibebwa na mwingine msalabani, na ilikuwa nzito kuliko hii ya lesi. Ningeshindwa kumbebea wifi yangu siku mbili?"

Mwalimu mkuu akakaa kwenye kiti cha wateja. Mimi nililia mbele yao wote, gauni la watu mikononi. Nimeimba habari za neema kwa miaka thelathini, sauti ya pili, bila kukosa mazoezi. Sikuwahi kudhani kwamba mimi nami naihitaji.