Ruzuku Haikutoka Mfukoni mwa Mwenyekiti

Kwa miaka kumi na mitano, kampeni za kijiji cha Mihange, huko milimani ukishapita Mkuyuni, zilikuwa haziwezi kuanza mpaka Semeni aitwe. Mwanamke huyu alijaliwa sauti. Akiimba kwenye kiwanja cha shule, waliokuwa wakipalilia mteremko wa ng'ambo walisimamisha majembe wakamsikiliza. Na wimbo wake siku zote ulikuwa wa mtu mmoja: Rehani, mwenyekiti wa kijiji. Alimwimbia kipindi cha kwanza, akamwimbia cha pili, akamwimbia na cha tatu. Malipo yake yalikuwa doti ya kanga, sukari na sabuni ya mche.

Msimdhanie kuwa mjinga. Semeni alijua fika kwamba barabara anayoisifu ilikuwa imeliwa na mvua tangu masika ya mwaka juzi, na kwamba zahanati anayoishangilia haikuwa na hata kitanda cha kujifungulia. Lakini njaa ina adabu yake. Mumewe alikuwa ameshuka Kisaki kutafuta kibarua cha reli, akapata kibarua na mke mwingine, asirudi. Akabaki yeye na binti yao Shamsia kwenye shamba la ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi haifuati mwanamume anayeondoka. Shamba lilikuwa zuri, lina mikarafuu iliyopandwa na bibi yake. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: uwezo wa kusubiri.

Karafuu haitaki haraka. Sharti ichumwe ikiwa na rangi, ianikwe siku kadhaa juani, igeuzwe na kukingwa dhidi ya manyunyu, ndipo ishuke sokoni ikiwa kavu inayovunjika kwa ukucha. Sasa mama ambaye debe lake la unga limeanza kutoa mlio atasubirije? Kila mwaka, maua yakiwa bado mtini, machanga, Semeni alikwenda kwa mnunuzi akauza mti mzima kwa bei ya kutupa. Na mnunuzi huyo alikuwa nani? Alikuwa Rehani huyo huyo. Mwenyekiti alinunua mazao ya watu yakiwa mtini, na ulipofika mwaka wa uchaguzi akanunua na sauti zao. Mlango wa kwenda kwake ulikuwa mmoja, na kila mtu wa Mihange alikuwa amewahi kuugonga.

Halafu ukaja mpango wa ruzuku ya kaya.

Walikuja vijana wawili kutoka wilayani na vishikwambi vyao, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza: paa ni la nini, mnakula mara ngapi, watoto wanaosoma wangapi. Baadaye majina yakasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu wakayakubali kwa kunyoosha mikono, jina la Semeni likiwemo. Baada ya hapo kila miezi miwili simu yake ndogo ilitoa mlio, na hela ilikuwa imeingia. Haikuwa hela ya kujengea ghorofa. Ilikuwa hela ya unga, mafuta, daftari na chumvi, ikabaki kidogo. Lakini iliingia kwenye simu yake yeye, bila kupitia mkono wa mtu.

Yalisemwa mengi. Wengine walisema hela za bure zitawafanya watu wavivu, watalala na kusubiri simu ilie. Semeni aliyasikia akacheka. "Mtu aliyebeba mikungu ya ndizi ya wenzake kwa kichwa toka huku mpaka Mkuyuni tangu usichana wake," alimwambia Shamsia, "leo unga wa mwezi mmoja umfanye mvivu?"

Msimu uliofuata, Rehani alipita kama kawaida yake, akasimama chini ya mikarafuu akiinua macho kukadiria.

"Mwaka huu imebeba vizuri, Semeni. Nikupe ngapi?"

"Shikamoo mwenyekiti. Mwaka huu siuzi maua."

"Huuzi? Utakula nini mpaka zikauke?"

"Nitakula ugali, mwenyekiti. Unga ninao."

Rehani alicheka, akadhani ni mzaha. Semeni hakuwa na mzaha. Alichuma yeye na binti yake, akatandaza mikeka mitatu uani, na kwa siku nane akawa mtumwa wa anga: wingu likitokea mgongoni mwa mlima anakunja, jua likirudi anatandaza. Siku aliyoshusha gunia lake sokoni Mkuyuni, mfanyabiashara kutoka mjini Morogoro alichota kiganja, akanusa, akavunja moja kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bei aliyomtajia ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya maua. Semeni aliomba airudie, si kwa kuwa hakuisikia, bali kwa kuwa alitaka kuisikia tena.

Mwaka ule alinunua mabati. Shamsia naye alifaulu darasa la saba, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana kule Kilakala. Mama yake alimsindikiza mpaka getini akiwa na sanduku jipya, akarudi milimani analia na kucheka kwa pamoja.

Kilichomshangaza Semeni zaidi si mabati wala sanduku. Ni jinsi alivyoanza kukutana na Rehani njiani. Zamani, akimwona kwa mbali, alianza kupanga maneno ya kuombea. Sasa alimwamkia kwa heshima zote, akapita. Hakuwa na la kumwomba. Na mtu ambaye huna la kumwomba unaanza kumwona vizuri. Unaona kama kazi yake anaifanya au haifanyi.

Ukafika mwaka wa uchaguzi wa serikali za vijiji. Rehani akaja na doti ya kanga kwapani.

"Msanii wangu, wakati umewadia. Safari hii tunataka wimbo mpya. Utaje ile ruzuku. Waambie watu nani aliyewaletea."

"Nani aliyetuletea, mwenyekiti?"

"Mimi! Nani mwingine? Kwenda wilayani, kurudi, kuwapigia magoti wakubwa, nani alikwenda?" Akashusha sauti. "Na wewe unajua, majina yanapitiwa upya. Kuna watakaobaki na kuna watakaotoka. Nisingependa uwe miongoni mwa wanaotoka."

Alikiacha kile kitambaa juu ya kigoda, akaondoka. Semeni alibaki anakitazama. Msije mkaambiwa kwamba hakuogopa, aliogopa sana. Alimfikiria Shamsia na nauli za likizo. Alifika mahali akaanza kuutafuta wimbo kichwani, na mstari wa kwanza ukamjia, mtamu kabisa. Akajisikia vibaya. Alikuwa ameimba uongo mara tatu kwa sababu ya njaa. Huu wa nne angeuimba kwa sababu ya nini?

Asubuhi yake aliichukua ile kanga, akaenda nayo ofisi ya kijiji. Afisa mtendaji alikuwa binti aitwaye Happiness, mwenyeji wa Njombe, ana mwaka mmoja tu pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina swali moja. Hivi jina langu kwenye ruzuku, mwenyekiti anaweza kulifuta?"

Happiness alitazama mlangoni, akaona hakuna mtu. "Hawezi, mama. Jina halifutwi mezani. Linasomwa mkutanoni, wanakijiji ndio wanaosema huyu bado ana shida, huyu hana. Mkikaa kimya, litapita lolote litakalosomwa. Mkisema, nawajibika kuandika mlichosema."

"Na hela yenyewe ni ya mwenyekiti?"

"Ni hela ya serikali. Kodi yako imo humo, ile unayokatwa kila ukinunua sabuni."

Semeni akaiweka kanga juu ya meza. "Basi nipokelee hii, umrudishie mwenyewe. Mwambie sauti imepata mafua."

Siku ya mkutano mkuu, kiwanja cha shule kilijaa. Rehani aliinuka akiwa na karatasi, akasema orodha imepitiwa, kazi imebaki kuipitisha tu ili watu wawahi mashambani. Akaanza kusoma haraka haraka. Semeni alikuwa akiyahesabu majina kwa vidole. La kwake lilisomwa. Pengine mwenyekiti aliona sauti ile bado ataihitaji. Lakini orodha ilikwisha, na jina la bibi Mwanaidi halikutajwa. Mwanaidi alikuwa kikongwe asiye na mtoto, anaishi kwenye kibanda kinachoegemea mti. Wiki mbili nyuma alikuwa amewaambia watu kisimani kwamba yeye hampi tena Rehani kura yake. Mahali pake palisomwa jina la shemeji wa mwenyekiti, mwenye duka na pikipiki mbili.

Watu waliangaliana. Kila mmoja alikuwa ameona, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Mwanaidi mwenyewe alikuwa amekaa chini, miguu kanyoosha, anachora mavumbini kwa kijiti.

Semeni akasimama. Sauti ilitoka ile ile ya kufika ng'ambo.

"Mwenyekiti, naomba bibi Mwanaidi asimame tumwone."

"Mama Shamsia, ajenda hii imekwisha."

"Haijaisha, hatujanyoosha mikono. Shikamoo bibi. Samahani, simama kidogo."

Wanawake wawili walimwinua yule kikongwe. Semeni akawageukia watu. "Jamani, nani hapa anayeijua nyumba aliyojenga bibi mwaka huu, hata akawa tajiri wa kutolewa?"

Kicheko kikapasuka. Rehani akaona mambo yanamponyoka, akapaza sauti: "Fadhila za punda ndizo hizi! Nimewalisha, leo mnanitemea mate?"

Nadhani hapo ndipo alipojimaliza. Maana Semeni alimjibu taratibu, bila kumtukana.

"Hukutulisha, mwenyekiti. Hela hii haikutoka mfukoni mwako, ndiyo maana leo naweza kusimama hapa nikakuuliza. Miaka ile nilipokuwa nakula kwako, ungesema jua linachomoza Kisaki linazama Mihange, ningekuimbia wimbo. Nilikuimbia barabara ambayo haikuwepo. Naomba radhi mbele ya wote. Bibi Mwanaidi alikuwa na njaa zaidi yangu, na hakuwahi kuimba. Sasa tupige kura: jina lake lirudi au lisirudi?"

Mikono iliinuka kama shamba la mahindi. Iliinuka hata ya wale waliokuwa wanadaiwa na mwenyekiti, hata ya mnyapara wake wa karafuu. Happiness alisimama akahesabu kwa sauti, akaandika, na jina la shemeji likakatwa kwa kalamu nyekundu mbele ya macho ya watu. Wanawake wakapiga vigelegele vikarudishwa na mlima.

Jioni ile ile kina mama saba walimfuata nyumbani. Hawakukaa. Waliomba jambo moja tu: achukue fomu ya kugombea uenyekiti. Semeni alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliwauliza, "Mimi nitawapa nini? Sina kanga za kugawa."

"Kanga tunanunua wenyewe siku hizi," mmoja akajibu.

Basi akachukua fomu. Kwenye kura za maoni ndani ya chama, Rehani alizunguka na sukari yake, na watu, kwa uungwana wa milimani, waliipokea wakamshukuru. Kisha wakaenda kwenye sanduku wakampigia Semeni. Zamani sukari ile ilikuwa chakula. Ukiila unamwonea haya aliyekupa. Sasa ilikuwa sukari tu. Semeni alipata kura zaidi ya mara mbili ya za mwenzake, na siku ya uchaguzi wenyewe kijiji kikampata mwenyekiti mwanamke wa kwanza tangu Mihange iitwe kijiji. Shamsia aliomba ruhusa shuleni, akaja kushuhudia. Walimbeba mama yake juu juu kuzunguka kiwanja chote, naye analalamika kwamba wataivunja ndara yake.

Wimbo uliimbwa siku hiyo, lakini hakuuanzisha yeye. Kila mtu alitunga kipande chake.

Wiki ya pili ya uongozi wake, bibi Mwanaidi alipanda mpaka ofisini, kapakata jogoo mwekundu.

"Mwenyekiti, nimekuletea shukrani. Hela imeingia jana."

Semeni alitoka mezani, akampokea mkono, akamkalisha. "Bibi yangu, jogoo mzuri, Mungu akubariki. Lakini mrudishe akawike kwako. Hela hiyo sikukupa mimi. Ukinishukuru kwa kilicho haki yako, kesho nami nitaanza kuamini kwamba ni changu."

Mwanaidi alimsugua jogoo shingoni. Kisha uso ukabadilika, akamweka yule jogoo sakafuni na kujiweka sawa kwenye benchi.

"Kumbe sina deni kwako?"

"Huna hata chembe."

"Aa! Basi kama sina deni, mwenyekiti, niambie: ule mfereji wa maji uliotuahidi wakati wa kampeni kwamba utachimbwa kabla ya masika, mbona mpaka leo sijaona hata jembe?"

Happiness aliziba mdomo asicheke. Semeni yeye hakujizuia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavuta daftari karibu, akaandika swali lile neno kwa neno, akamwomba bibi aje alirudie mbele ya mkutano wa Jumamosi, kwa sauti kubwa.